UN-Habitat: Shirika la makazi lenye makao yake Nairobi

Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi, UN-Habitat, lina makao yake makuu Gigiri, Nairobi. Chimbuko lake ni mkutano wa Vancouver, Canada, wa mwaka 1976. Lenyewe liliundwa 1978. Kuanzia mwaka 2000 hadi 2010 liliongozwa na Mtanzania, Anna Tibaijuka. Mwaka 2005 alitumwa Zimbabwe kuchunguza bomoabomoa ya mijini, na ripoti yake ikakadiria kuwa watu 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili.

Mwaka 2016, mkutano wa Quito, Ecuador, ulipitisha Ajenda Mpya ya Miji, ambamo mataifa yaliahidi kuzuia watu kufukuzwa kiholela. Hata hivyo, ajenda hiyo haina nguvu ya kisheria. Utekelezaji umeachiwa serikali zenyewe.