Mchoraji Aliyeendelea Kuchora Gizani

Watu wengi hudhani kwamba mchoraji akipofuka, kazi yake imekwisha. Habari za Benode Behari Mukherjee, mchoraji wa Uhindi, zatuonyesha mambo mengine. Alizaliwa mwaka 1904 huko Behala, karibu na mji wa Calcutta. Tangu kuzaliwa jicho lake moja halikuona kitu, na la pili liliona vya karibu tu. Mtoto wa namna hiyo, nani angemchagulia kazi ya kuchora?

Mwaka 1917 aliingia shule ya Santiniketan, iliyoanzishwa na mtunga mashairi Rabindranath Tagore. Miaka miwili baadaye chuo cha sanaa, Kala Bhavana, kilifunguliwa palepale, naye akawa mwanafunzi wa Nandalal Bose. Nchi ya huko ni kavu, udongo wake mwekundu, mivumo imesimama mbalimbali. Benode aliichora kwa wino na rangi za maji, pengine juu ya karatasi ndefu zinazokunjwa kama mkeka. Karatasi hiyo hutazamwa kipande kipande, mkono mmoja ukikunjua na wa pili ukikunja. Sisi twaona ilimfaa sana mtu asiyeweza kuona mbali: hakulazimika kuona yote kwa mara moja.

Kisha akageukia kuta, jambo la kushangaza, maana ukuta wataka jicho la mbali. Mwaka 1940 alipamba dari la bweni la wanafunzi: katikati bwawa, na kandokando watu wa kijiji, wanyama na miti. Lakini kazi yake kupita zote ni ile ya mwaka 1946 na 1947, katika nyumba iitwayo Hindi Bhavana. Hapo alichora juu ya chokaa mbichi. Ukuta hupakwa chokaa kiasi cha kazi ya siku moja tu, na rangi hutiwa kabla haijakauka. Chokaa ikikauka, rangi imekwisha kunaswa ndani, wala haifutiki. Basi hakuna nafasi ya kusitasita. Alizunguka kuta tatu, urefu wa zaidi ya mita 20, akisimama karibu mno hata asiweze kuiona nzima picha aliyokuwa akiifanya. Alichora watu wa Mungu wa Uhindi wa zamani: Kabir mfumaji wa nguo, Tulsidas, na Surdas, mtunga nyimbo ambaye kwa mapokeo ya Wahindi alikuwa kipofu.

Mwaka 1949 alikwenda Nepal kutunza jumba la makumbusho la Kathmandu, na baadaye akafungua shule ndogo ya sanaa milimani Mussoorie pamoja na mkewe Leela. Karibu na mwaka 1957 alipasuliwa lile jicho lililobaki. Halikupona, mwanga ukatoka kabisa.

Wengine wameyaita yaliyofuata muujiza. Sisi hatukubali neno hilo, maana lafuta zaidi ya miaka 30 ya kazi. Mkono ulikuwa umekwisha kujifunza. Alifinyanga nta, akitafuta sura kwa vidole. Akakunja na kukata karatasi za rangi, akazibandika: rangi aliambiwa na wengine, umbo alilijua mwenyewe. Mwaka 1958 alirudi Santiniketan kufundisha historia ya sanaa, akiwaeleza vijana picha ambazo wao waliziona na yeye alizikumbuka. Na mwaka 1972 akautengenezea ukuta wa Kala Bhavana picha kubwa ya vigae, akivipapasa kwa mikono, wengine wakimsaidia kuvibandika. Mwaka huohuo mwanafunzi wake wa zamani, Satyajit Ray, aliyekwisha kuwa mtengenezaji mashuhuri wa sinema, akatoa filamu fupi juu yake, akaiita Jicho la Ndani.

Benode alifariki mwaka 1980. Binti yake Mrinalini, aliyeishi mpaka mwaka 2015, akawa mchongaji wa sanamu. Sanamu zake zilizojulikana zaidi hakuzichonga katika jiwe wala mti, bali alizifanya kwa kamba za nyuzi za mimea, akizifunga fundo baada ya fundo kwa mikono yake.