Kitabu cha Mwongozo na Macho ya Msafiri

Msafiri aingiaye nchi asiyoijua hufanana na mtu aingiaye chumba chenye giza: hajui njia, hajui bei, wala hajui amwamini nani. Zamani, Mzungu mwenye mali alipozuru nchi ya ugenini katika Ulaya, mara nyingi alimwajiri mtu wa kumwongoza. Na mwongozi huyo, akiwa mjanja, aliweza kumpeleka mgeni wake katika hoteli ya rafiki yake, akalipishwa mara mbili.

Aliyejitahidi kumkomboa msafiri katika utumwa huo ni Karl Baedeker, Mjerumani aliyezaliwa Essen mwaka 1801. Mwaka 1827 alianza kazi ya kuuza na kutoa vitabu katika mji wa Koblenz, kando ya mto Rhine. Siku zile meli za moshi zilikuwa zimeanza kupita mtoni, na wageni wakazidi kuongezeka. Kitabu kimoja cha safari ya mto huo, kilichotungwa na Profesa Klein mwaka 1828, kikaja mikononi mwake. Akakitengeneza upya na kukitoa tena mwaka 1835. Mwaka 1836 John Murray wa London naye akatoa kitabu cha namna hiyo, na Baedeker hakuona haya kujifunza kwake.

Kwa nini watu walimwamini Baedeker? Kwanza, alikwenda mwenyewe kutazama, bila kujitambulisha, ili wenye hoteli wasimpendelee. Pili, vitabu vyake havikuchukua matangazo ya biashara, kwa hiyo sifa haikuweza kununuliwa. Tatu, vilisahihishwa kila vilipopigwa chapa tena, na wasomaji waliombwa kuleta habari za makosa waliyoyaona. Njia ya mwongo ni fupi, na mtungaji wa mwongozo huumbuliwa na msafiri wa kwanza anayefika na kukuta njia haipo. Katika miaka ya 1840 Baedeker alianza kutia alama ya nyota penye vitu vilivyostahili kutazamwa zaidi. Alipofariki mwaka 1859, wanawe waliiendeleza kazi hiyo.

Walakini kitabu cha mwongozo huanza kuzeeka siku ile ile kinapopigwa chapa. Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 vilipokwisha, dola ya Austria na Hungaria ilikuwa imevunjika, mipaka imehama, na fedha zimebadilika. Mtu aliyeshika kitabu cha mwaka 1910 alikuwa na maelezo mazuri ya nchi ambayo haikuwapo tena.

Tena nyota zenyewe zilikuwa na hatari yake. Msafiri aliweza kukimbia kutoka nyota hadi nyota, akalitazama kanisa maarufu na asimsalimu mtu hata mmoja wa mji ule.

Hatari kubwa kuliko zote ilionekana mwaka 1942. Baada ya ndege za Waingereza kuuchoma mji wa kale wa Lübeck mwezi wa Machi, Wajerumani walilipiza kisasi kwa kuipiga mabomu miji ya Uingereza yenye majengo ya fahari: Exeter, Bath, Norwich, York na Canterbury. Afisa mmoja wa serikali yao alinukuliwa akisema kwamba watapiga kila jengo lenye nyota tatu katika Baedeker. Kumbe kitabu hicho hakikutoa zaidi ya nyota mbili! Lakini mashambulio yale yaliua watu zaidi ya 1,600. Na mwezi wa Desemba mwaka 1943, mabomu ya Waingereza yakaiteketeza nyumba ya Baedeker yenyewe, iliyokuwa imehamia Leipzig tangu mwaka 1872.

Basi tunajifunza nini? Kitabu cha mwongozo ni mtumishi mwema: humpa msafiri uhuru, humwokoa na walaghai, humwonyesha pa kuanzia. Bali hakiwezi kuona kwa niaba yake, wala hakijui nia ya anayekishika. Wahenga wetu walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Kila asomaye mwongozo, uwe wa karatasi au wa simu ya mkononi, na aulize maswali matatu: ni nani aliyeandika haya, aliyaona lini, na ni nani aliyemlipa? Kisha akiweke kitabu mfukoni, amsalimu mwenyeji, na amwulize njia. Kwani kuuliza si ujinga.