Ruhusa ya Mume

Hapa Mokambo, mpakani mwa Zambia, wanawake wachuuzi ndio walishao nyumba nyingi. Zamani za Union Minière, posho ya mke ilipimwa juu ya jina la mumewe. Tena Sheria ya Jamaa ya 1 Agosti 1987, kifungu cha 448, ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kutia sahihi mkataba wa kazi. Je, mume naye aliomba ruhusa? Hata kidogo! Twakubali, mmoja huzaa na mwingine hazai. Lakini kalamu haina uume wala uke. Sheria ya 15 Julai 2016 yawataka wapatane wote wawili. Walakini mume angali aitwa mkuu wa nyumba, na sisi waume twalipenda mno jina hilo.