Masika na Mapato ya Maji Kwale

Kampuni ya maji inapoomba kupandisha bei, lawama humwangukia mteja: halipi, au analipa kidogo. Historia ya Kwale inamtetea. Katika pwani ya kusini ya Kenya, toka Tiwi hadi Msambweni, mapato ya maji yameyumba zaidi kwa sababu mvua inanyesha na visima vingine viko karibu, kuliko kwa ubahili wa mtu yeyote. Ushahidi mzito zaidi unatoka kwenye pampu za mkono za vijijini. Mwaka 1983 UNDP na Benki ya Dunia walianza kuzijaribu pampu hizo Kwale, shirika la KWAHO likiwa kiungo na wanavijiji; baadaye Uswidi ikagharamia upanuzi. Majaribio hayo yalisaidia kuikomaza Afridev, pampu ambayo fundi huifungua kwa spana moja, akavuta vyuma na pistoni bila kung'oa bomba la plastiki lililo kisimani, akabadilisha sili iliyolika na kuvirudisha. Kazi hiyo walifundishwa wanawake, kwani pampu ikilala ni wao wanaotembea. Kamati za maji nazo zikafundishwa kukusanya michango na kuweka hesabu.

Madaftari ya kamati hizo yaligeuka hazina. Tim Foster na Rob Hope wa Chuo Kikuu cha Oxford waliyachambua, mengine yakiwa na kumbukumbu za zaidi ya miongo miwili, wakachapisha matokeo mwaka 2016 na 2017. Mvua ikizidi, makusanyo yanashuka. Masika yakikolea, vidimbwi na visima vya wazi hujaa, na mama wa watoto watano hana sababu ya kununua kinachopatikana bure nyuma ya nyumba. Ubora wa maji ya kisima nao uliathiri ulipaji. Palipotozwa kwa mtungi, fedha zilikuwa nyingi kuliko palipotozwa ada ya mwezi, na pampu ilitengenezwa upesi zaidi. Ila baadhi ya kaya zilirudi kwenye maji yasiyo salama. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika kila bei inapojadiliwa.

Wapo watakaosema maji ni ya Mungu, na kwamba kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kimeyafanya haki. Ni kweli, lakini Katiba hainunui sili. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kijiji si mji: Ukunda kuna mfereji, mita na bili, si daftari la kamati. Hata hivyo mambo ni yaleyale, tofauti ni ukubwa wa mchotaji. Bei za mijini Kenya hupangwa kwa ngazi, anayetumia mengi akilipa zaidi kwa kila yuniti ili mnyonge apunguziwe. Huko Diani, mtumiaji mkubwa ni hoteli, na hoteli nyingi zina visima vyao. Anayetarajiwa kumbeba mwenzake hayumo kwenye orodha ya wateja. Wakati huohuo visima vya Tiwi, vinavyolisha mfereji huo, vinahitaji umeme wa kusukuma maji, masika na kiangazi.

Kupandisha bei peke yake, basi, kunamsukuma mwenye uwezo achimbe kisima na asiye nao arudi kidimbwini. Mwenye kisima kikubwa hulipia maji anayovuta kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, si kwa kampuni inayomhudumia jirani yake. Hapo ndipo mjadala unapopaswa kuanzia. Na atakayeleta bei mpya Kwale, kabla hajatusomea hesabu za mwaka mzima, atuonyeshe kwanza makusanyo ya mwezi wa Mei.