Puti si Kiraka

Mwenye gari wa Masasi au Newala anayeamua kuziba mwenyewe tundu la kutu uani kwake, mara nyingi huanza kwa kununua kopo la puti. Hapo ndipo kazi inapoharibikia, na jina la kitu chenyewe lina sehemu yake ya lawama.

Puti ya zamani ilikuwa ya mafundi wa madirisha: unga wa chaki uliokandwa kwa mafuta ya kitani, ukashikisha kioo kwenye fremu. Puti ya magari ni utomvu wa poliesta uliochanganywa na unga wa talki. Hauwi mgumu mpaka utiwe dawa ya kugandishia, kwa kawaida asilimia 2 hivi ya uzito wake. Kwenye joto la Masasi huganda upesi kuliko kwenye baridi ya asubuhi ya Newala, kwa hiyo changanya kidogokidogo.

Kiingereza kimeipa jina linalotokana na kujaza. Tukilifuata tutapata kijazo, na mtu akisikia kijazo atajaza tundu. Mimi napendekeza kisawazishi. Kazi yake ni kufuta vibonde vilivyoachwa na nyundo au na kuchomelea, ili rangi ilale sawa, kwa unene wa milimita chache tu. Dukani tutaendelea kusema puti, wala sioni ubaya. Lakini vitabu vya VETA na orodha za istilahi za BAKITA vinahitaji neno linalomwonyesha mwanafunzi kazi ya kitu hicho.

Tundu hufungwa kwa kiraka. Chukua bisibisi, bonyeza pale rangi ilipofura juu ya madigadi au chini ya mlango. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana rangi hufura kabla tundu halijaonekana. Bisibisi ikizama, kata kwa grenda mpaka ufikie chuma kinachong'aa pande zote, hata kama tundu la ukubwa wa shilingi litageuka la ukubwa wa kiganja. Kisha kata bati, lichomelewe, baada ya kufungua waya hasi wa betri. Asiye na mashine ya kuchomelea anaweza kulishika kwa ribiti na gundi ya epoksi, isipokuwa kwenye chesisi na sehemu zinazobeba uzito wa gari. Hizo ni za fundi.

Juu ya kiraka hupita praima ya epoksi, ndipo kisawazishi, msasa, praima tena, halafu rangi na vanishi. Mpangilio huu una sababu: puti hunywa maji kama mchanga wa uwanda wa juu wa Makonde, ambako mvua huzama ardhini na watu wameteremka mabondeni kwa vizazi wakitafuta maji. Puti iliyobandikwa juu ya tundu tupu hupokea unyevu kutoka upande wa ndani, kutu ikaendelea kula kingo, na msimu mmoja wa mvua unatosha kuibandua. Na kwa kuwa puti hunywa maji, usiisugue kwa msasa wa maji. Msasa mkavu wa namba 80, kisha 180, unatosha, barakoa ikiwa usoni.

Nyuma ya kiraka, pasipoonekana na mtu, paka praima na mafuta mazito ya kuzuia kutu. Na udongo mwekundu uliogandamana ndani ya madigadi uoshwe kabla mvua za Desemba hazijaulowesha.