Wiki Mbili za Kusubiri Jibu

Katika miaka ya mwanzo ya upimaji wa virusi vya UKIMWI, damu ilitolewa leo na jibu likaja baada ya wiki moja au mbili. Mtu alitoka kliniki na kikaratasi chenye namba mfukoni, akapanda daladala, akarudi kazini, akala ugali na wenzake kama kawaida. Usiku ndipo hesabu zilipoanza: nilikuwa na nani, mwaka gani, na yeye kabla yangu alikuwa na nani. Wengi hawakurudi kuchukua majibu. Kati yao walikuwemo wazima kabisa, waliobeba miaka mingi hofu ya ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Historia ya magonjwa ya zinaa Afrika Mashariki imeandikwa sana kwa hesabu ya waliougua na waliokufa. Historia ya waliotishika haijapewa kurasa zake, ingawa ni watu wengi zaidi, na mateso yao hayakuwa ya kuigiza.

Hofu hiyo ni ya zamani kuliko UKIMWI. Waswahili wa pwani na wa bara wana neno tego, dawa inayosemekana mume humwekea mkewe ili mwanamume atakayemgusa augue sehemu za siri. Aliyeona kidonda au usaha baada ya kutoka nje ya ndoa hakujiuliza kuhusu kisonono wala kaswende, alijua amenasa. Imani hiyo imewaumiza watu wengi, kwa sababu iliwapeleka kwa mganga wakati walipohitaji sindano. Lakini ilikuwa na jambo moja ambalo magonjwa ya baadaye yaliwanyima watu: tego lilikuwa na mwenyewe. Anayelitega alijulikana, naye ndiye angeweza kulitegua. Hofu ilikuwa na mlango wa kwenda kubisha.

Serikali ya kikoloni nchini Uganda ilileta hofu ya namna nyingine, ile inayoshuka kutoka juu. Mwaka 1907 daktari wa jeshi la Uingereza, Kanali Lambkin, alipelekwa Buganda kuchunguza kaswende, na mwaka uliofuata akatangaza kwamba ugonjwa umeenea kwa kiasi cha kutishia kulimaliza taifa la Waganda. Wamisionari na machifu waliitikia kwa hofu. Watu walikaguliwa kwa lazima, wakadungwa dawa za zebaki, wakahubiriwa juu ya dhambi zao. Mwaka 1913, katika kilima cha Mulago jijini Kampala, ilianzishwa hospitali ya kutibu magonjwa ya zinaa.

Wanahistoria waliorudia kumbukumbu zile wanaona kwamba sehemu kubwa ya kilichoitwa kaswende pengine kilikuwa buba na magonjwa ya jamii yake, ambayo watoto huambukizana kwa kugusana ngozi tu. Vijidudu vya magonjwa hayo ni ndugu, na vipimo vya wakati ule havikuweza kuvitenganisha. Maana yake ni nzito. Kuna akina mama na wazee walioaibishwa mbele ya vijiji vyao kwa ugonjwa walioupata utotoni wakicheza na wenzao.

Miaka sabini baadaye, Mulago hiyohiyo ilianza kupokea wagonjwa waliokonda kupita kiasi. Waganda waliita ugonjwa huo silimu, kutokana na neno la Kiingereza la wembamba. Ng'ambo ya mpaka, mkoani Kagera, ambako wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, watu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichopendwa sana na kilicholetwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Jina la nguo likawa jina la kifo. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imetoa taarifa ya wagonjwa.

Kila mwili ukawa ushahidi. Aliyepungua kilo mbili kwa malaria aliogopa kukutana na majirani. Mkanda wa jeshi, ule upele wa malengelenge unaozunguka ubavu na ambao unaweza kumpata mtu yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga, ulisomwa kama hukumu. Watu walikagua ndimi zao kwenye kioo wakitafuta utando mweupe, wakapapasa shingo wakitafuta tezi. Mtaani majina yalizidi: ngoma, mdudu, umeme, kukanyaga miwaya. Hata herufi za AIDS, jina la UKIMWI kwa Kiingereza, zilifumbuliwa upya na vijana kuwa "Acha Iniue Dogodogo Siachi". Wakubwa waliwalaumu kwa kukosa adabu. Ukisikiliza vizuri, ni sauti ya watu walioshindwa kuendelea kuogopa kila siku na wakatafuta namna ya kupumua.

Kipimo cha damu kilikuwa kimeshapatikana duniani tangu mwaka 1985, lakini kwa muda mrefu kilitumika zaidi kukagua damu ya kuongezewa wagonjwa na kufanya utafiti. Mtu wa kawaida mwenye wasiwasi hakuwa na pa kwenda. Na wapo waliouliza kwa haki kabisa: nijue ili iweje, ikiwa dawa hakuna?

Jibu la kwanza la maana lilitoka tena Mulago. Noerine Kaleeba alikuwa mkuu wa chuo cha tiba ya viungo hospitalini hapo wakati mumewe, Christopher, alipougua. Christopher alifariki mwanzoni mwa mwaka 1987, na mwaka huohuo Kaleeba na wenzake wachache waliasisi TASO, chama cha watu waliokaa pamoja, wakazungumza, wakatembeleana. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alijitokeza hadharani kusema kwamba ameathirika, akazunguka shuleni na makanisani hadi nguvu zilipomwishia. Alifariki Desemba mwaka huo. Mwaka huohuo Theresa Kaijage na wenzake walianzisha WAMATA jijini Dar es Salaam, jina lililofupishwa kutoka Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania.

Kisha, mwaka 1990, Kampala ikafungua kituo cha AIDS Information Centre, ambako mtu alipimwa kwa hiari yake bila kutaja jina. Alipewa namba. Jambo kubwa zaidi la kituo hicho halikuwa mashine ya maabara. Lilikuwa kiti cha pili chumbani. Kabla ya sindano, mtu alikaa na mshauri nasaha aliyemuuliza anaogopa nini hasa, anadhani jibu litakuwa lipi, na akilipata atamwambia nani. Baada ya jibu walikaa tena. Kwa mara ya kwanza aliyetishika alihesabiwa kuwa mgonjwa anayestahili kuhudumiwa, hata kama damu yake ilikuwa safi.

Je, mazungumzo yale yalisaidia? Utafiti uliofanyika Nairobi, Dar es Salaam na Port of Spain, na kuchapishwa mwaka 2000, ulilinganisha watu waliopewa ushauri na kipimo na wengine waliopewa elimu ya afya peke yake. Ngono bila kinga na wapenzi wa nje ilipungua kwa asilimia 35 kwa wanaume wa kundi la kwanza, na kwa asilimia 13 tu kwa wale wa kundi la pili. Kwa wanawake ilikuwa 39 dhidi ya 17.

Mambo yakaenda kasi. Vipimo vya haraka vilifupisha wiki mbili kuwa chini ya nusu saa. Vituo vya ushauri na upimaji vya Angaza vilifunguliwa Tanzania kuanzia mwaka 2001, na dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa kwa mpango wa taifa kuanzia mwaka 2004. Tarehe 14 Julai 2007, katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Rais Jakaya Kikwete na mkewe Salma walipima mbele ya umma, na mamilioni ya watu wakafuata. "Nijue ili iweje" ilikuwa imepata jibu.

Hata hivyo, mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile aliuza kikombe cha dawa ya mti, iliyodaiwa kuponya hata UKIMWI, kwa shilingi 500. Wapo waliokuwa wagonjwa kweli, na baadhi waliacha vidonge vyao kwa gharama kubwa. Lakini foleni ile haielezeki kwa ujinga peke yake. Kikombe kilikuwa na kitu ambacho zahanati ilikuwa imeanza kukipoteza katika haraka zake: mzee aliyetulia, aliyempokea kila mtu bila kumuuliza alikotembea.

Nao wenye hofu wamebaki. Kila mshauri wa kituo cha upimaji anamfahamu mteja anayerudi mwezi baada ya mwezi. Amepima mara ya tano, damu haina kitu, bado anauliza kuhusu kipindi cha matazamio, ile miezi mitatu ambayo maambukizi mapya yanaweza yasionekane katika kipimo. Muda huo ulipita zamani, lakini yeye huuanza upya kila anapopata vipele. Washauri wazoefu hawamkatalii kwa ukali wala hawamtoboi kidole kila anapoomba. Humuandikia tarehe ya tukio na tarehe ya kipimo cha mwisho kwenye karatasi moja, wakazihesabu pamoja kwa sauti, kisha wakauliza nini kilitokea nyumbani juma hilo. Mara nyingi jibu huanza na habari ya ndoa, au msiba, au usaliti ambao hajawahi kumweleza mtu.

Novemba 2019 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria ili mtu aweze kujipima mwenyewe; Kenya ilikuwa imetangulia miaka miwili. Kifaa kinatosha kiganjani. Anayekitumia hupitisha ncha yake kwenye ufizi, akaitumbukiza kwenye kichupa, akasubiri dakika ishirini. Mstari mmoja au miwili. Mlango umefungwa, simu iko kimya juu ya kitanda, na kiti cha pili chumbani hakina mtu.