Nani Atamzika Mgeni? Urafiki na Kusaidiana katika Miji ya Shaba



Mtu anapofariki kijijini kwao, hakuna anayeuliza ni nani atakayemzika. Ndugu za baba yake watachimba kaburi, shangazi zake watakesha na maiti, wajomba watafika na neno lao, na wajukuu watatumwa kuteka maji ya wageni. Kila mtu anajua nafasi yake kabla hajaambiwa. Lakini mtu akifa ugenini, mahali ambapo hakuna hata mmoja anayelijua jina la mama yake, nani atalia? Nani atatoa sanda? Nani atapeleka habari nyumbani?

Swali hilo liliwasumbua babu zetu tangu siku za kwanza za miji ya shaba, na jinsi walivyolijibu ni sehemu ya historia yetu ambayo haiandikwi mara nyingi. Tumezoea kusoma habari za makampuni, za magavana na za vita. Leo nawaomba tutazame jambo dogo zaidi: namna watu wasiojuana walivyofanyana marafiki, na namna urafiki huo ulivyobeba mizigo ambayo serikali na kampuni hazikuibeba.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli iliyotoka kusini ilifika mahali palipoitwa Elisabethville, ndipo Lubumbashi ya leo, na mwaka 1911 tanuru ya kwanza ikaanza kuyeyusha shaba. Nchi ile haikuwa na watu wa kutosha kwa kazi hiyo. Kwa hiyo likaanzishwa shirika la kuandikisha wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga, nalo likatafuta vijana mbali: Luapula, Lomami, Kasai, wengine walitoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, yaani Zambia na Malawi za leo, na baadaye Rwanda na Burundi. Walikuja kwa mikataba mifupi, wengi bila wake wala watoto. Walilala wengi katika kibanda kimoja, kila mmoja na lugha yake. Homa ya mapafu, kuhara damu na homa ya matumbo ziliwaua wengi katika miaka hiyo, na mwaka 1918 ikaongezeka homa kuu ya mafua iliyozunguka dunia nzima.

Tujiweke mahali pa kijana mmoja wa wakati ule. Amefika kwa miguu na kwa treni, ana blanketi moja na namba ya kazi. Karani anaijua namba yake. Jina lake halijui. Jirani yake wa kulala ni mtu wa kabila ambalo babu yake alipigana nalo. Usiku jirani huyo anaanza kukohoa. Kijana ana njia mbili: ageukie ukuta, au ainuke amletee maji. Historia ya kusaidiana katika miji yetu ilianza hapo, kwa kikombe cha maji alichopewa mtu asiye ndugu.

Ili kupeana maji lazima kuwe na neno la kuombea maji. Kiswahili kilichopita kwa wafanyabiashara na askari kikawa lugha ya kambi, kikachanganyika na lugha za wote waliofika, kikawa hiki Kiswahili chetu cha Katanga ambacho wenzetu wa pwani hukicheka kidogo. Na wacheke! Kiswahili hicho ndicho kilichowapa wageni maneno ya kuitana rafiki, ndugu, jamaa. Hata neno jamaa, ambalo mahali pengine humaanisha mtu yeyote tu, kwetu lilipata uzito wa familia.

Kutoka kikombe cha maji wakafikia chama. Mojawapo ya vyama vilivyojulikana zaidi ni mbeni, ngoma iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Kenya kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, ikaenea Tanganyika, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikafika hadi migodi ya Rhodesia ya Kaskazini na ya Katanga. Waliotazama kwa nje waliona mavazi, gwaride na vyeo vya ajabu: mfalme, gavana, daktari. Lakini mwanachama alijua jambo jingine. Alijua kwamba siku ya mshahara atatoa mchango wake. Kwamba akiugua atatembelewa. Kwamba akija mgeni kutoka mji mwingine mwenye chama kilekile atapata mahali pa kulala. Na kwamba siku akifa hatapelekwa kaburini kama mzigo. Watu watavaa vizuri na kutembea nyuma yake.

Wakubwa wa wakati ule hawakupenda vyama hivyo. Serikali ya kikoloni iliona hatari kila mahali ambapo Waafrika walikusanyika, wakachaguana viongozi na kuweka fedha pamoja. Nasi Wakatoliki tukubali ukweli: wamisionari wengi nao waliitazama mbeni kwa mashaka, wakaona ngoma na kiburi, wasione mgonjwa aliyelishwa na maiti aliyezikwa. Kuzika wafu kumehesabiwa na Kanisa tangu kale kati ya matendo ya huruma. Tobiti aliwazika wenzake katika nchi ya uhamisho, naye akashtakiwa kwa tendo hilo. Ndugu zetu wa kambi walifanya tendo lilelile, ila walilifanya wakiwa na tarumbeta.

Kulikuwa pia na njia isiyo na tarumbeta. Kinshasa huitwa likelemba, Kivu likirimba, Zambia chilimba, Tanzania upatu. Watu kumi wanaoaminiana hukubaliana kutoa kiasi kimoja kila mwezi. Mwezi huu mmoja huchukua vyote, mwezi ujao mwingine, mpaka wote wapate. Kwa hesabu tu hakuna aliyeongezewa kitu, kwa maana kila mmoja hupokea kile alichotoa. Faida yake iko kwenye zamu. Anayepokea mwanzo amekopeshwa na wenzake bila riba na bila karatasi. Anayepokea mwisho amewaamini kwa miezi tisa. Tena mtoto wa mmoja akilazwa hospitalini, mwenye zamu aweza kusema: "Mpeni mama huyu leo, mimi nitangoja." Hakuna sheria inayomlazimisha kusema hivyo.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mwenendo. Iliona kwamba mfanyakazi mwenye mke na nyumba hukaa muda mrefu na hufanya kazi vizuri zaidi. Ikatoa mikataba ya miaka mitatu, ikajenga nyumba, hospitali na shule, ikagawa posho. Wengi waliozaliwa katika kambi hizo husema kwamba kampuni ilikuwa baba na mama. Lakini baba huyo alijua kuhesabu. Bei ya shaba ilipoanguka katika mwaka 1930 na miaka iliyofuata, maelfu ya wafanyakazi waliachishwa na kurudishwa walikotoka. Hapo ndipo ilipoonekana tofauti kati ya msaada wa tajiri na msaada wa rafiki. Tajiri hukusaidia ukiwa na faida kwake. Rafiki naye huchoka, huwa maskini, lakini jina lako halimtoki moyoni kwa sababu kazi imekwisha.

Kuna ushuhuda mmoja ninaoupenda. Mwaka 1965 kilitokea Elisabethville kijitabu kilichoandikwa kwa mashine ya chapa, katika Kiswahili cha mji huo, kiitwacho Vocabulaire de ville de Elisabethville. Mwandishi wake ni André Yav, na waliotaka kiandikwe ni chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani: wapishi, wafua nguo, maboyi waliozeeka katika majiko ya Wazungu. Walikusanyika wakasimuliana habari za mji tangu mwanzo wake, wakataka ziandikwe. Ni jambo la kutafakari. Chama cha watu wadogo, kilichozoea kusaidiana katika ugonjwa na uzee, kiliona kwamba kukumbukana ni msaada pia. Leo wataalamu wa vyuo vikuu wanakisoma kijitabu hicho ili wajue mji ule ulionekanaje kwa macho ya waliouhudumia.

Miaka kumi na zaidi kabla ya hapo, kule Kolwezi, Padri Placide Tempels, Mfransiskani, aliacha kuwafundisha wafanyakazi kutoka juu akaanza kuketi nao nyumbani mwao na kuwauliza wanatamani nini katika maisha. Wakaongea juu ya uzima, uzazi na mapendo. Kikundi hicho kikaitwa Jamaa, kikaenea mji kwa mji, kambi kwa kambi, mume na mke wakitembelea mume na mke wengine. Historia yake ina kurasa za furaha na kurasa za mgogoro na maaskofu, nami sitazifungua zote hapa. Ninalotaka tushike ni kwamba walikuta neno jamaa likiwa tayari lina joto. Wageni wa migodi walikuwa wamelipasha miaka arobaini kwa kulazana, kulishana na kuzikana.

Lakini nisiisimulie historia hii kama hadithi tamu. Vyama vingi viliundwa kwa asili: watu wa Kasai kwao, watu wa Luapula kwao, watu wa kaskazini kwao. Ilikuwa rahisi kumwamini mtu anayesema lugha yako. Kumbe ukuta uliokinga upepo waweza pia kufunga njia. Mwezi Oktoba 1958 vyama vya namna hiyo viliungana Elisabethville vikazaa Conakat, na kitabu cha michango kikawa orodha ya kisiasa. Na katika miaka ya 1992 na 1993 tuliona jambo la aibu: maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, miji ambamo wengi wao walizaliwa. Waliketi wiki na miezi kwenye vituo vya reli wakingojea treni. Wengi, hasa watoto, walikufa pale kwa njaa na magonjwa. Swali la mwaka 1911 likarudi: nani atamzika mgeni? Safari hii aliyeitwa mgeni alikuwa jirani wa miaka mingi.

Miaka kumi baadaye kampuni yenyewe, iliyokuwa imekwisha kuitwa Gécamines, haikuweza tena kulipa mishahara. Mwaka 2003 na uliofuata wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliachishwa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Posho, hospitali na shule zilikuwa zimekwisha kudhoofika, na kwa familia hizo zikapotea pamoja na kazi. Akina mama waliuza unga na makaa, na likelemba ikalipa karo za shule. Tangu mwaka 1961 maaskofu wetu walikuwa wamechagua jumuiya hai kuwa njia ya Kanisa nchini, zile ambazo wenzetu wa Kivu huziita shirika. Katika shida hiyo nyumba nyingi ziliuona umuhimu wake sebuleni, palipowekwa sahani ya mchango.

Siku hizi mchango hutumwa kwa simu. Mwana aliye Johannesburg au Brussels hupata habari ya kilio usiku uleule, naye hutuma fedha kabla ya mapambazuko. Ni neema, wala tusiidharau: wengine katika vikundi hivyo hawajawahi kuonana uso kwa uso, na bado hulipiana dawa. Hata hivyo jeneza halibebwi kwa simu. Anayetuma na anayebeba wanahitajiana, kama zamani yule aliyetoa faranga yake na yule aliyechimba kaburi.

Basi katika mkutano wetu ujao tulete daftari la wanachama, tulisome polepole. Tuulize ni nani kati ya majirani hayumo kwa sababu hana mchango, au kwa sababu lugha yake si yetu. Kisha wawili kati yetu watumwe nyumbani kwake wiki hiyohiyo, kabla hajaugua.